DAWA ZA SONONA: FAIDA NA TAHADHARI

Ndugu mwanafunzi, sonona ni maradhi ya kweli; si uvivu wala upungufu wa imani. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kutafuta tiba, na kumeza dawa hakupingani na dua.

Je, dawa hizi zinafaa? Uchambuzi wa majaribio 522 uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kuwa dawa zote 21 zilizopimwa ziliwasaidia watu wazima kuliko vidonge visivyo na dawa, ingawa tofauti si kubwa sana. Nafuu huchukua wiki 2 hadi 4, pengine zaidi, na kichefuchefu au kukosa usingizi huweza kuitangulia. Hapo ndipo wengi huacha.

Tahadhari kubwa inawahusu vijana. Mwaka 2004 Marekani iliamuru dawa hizi ziwekewe onyo kuwa zinaweza kuzidisha mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana. Mwaka 2007 onyo likafikishwa hadi umri wa miaka 24. Basi kijana anayezianza aangaliwe kwa karibu. Akisema anataka kufa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tena usiziache ghafla, hata Ramadhani, kwani kizunguzungu na wasiwasi hufuata. Muulize daktari kama dozi inaweza kuhamishiwa baada ya futari au wakati wa daku.

Wabillahi tawfiq.