Hatari Iliyomo Katika Sindano ya Mwisho

Ada ya mwili wa mwanamke ni kulipevusha yai moja tu kila mwezi, na mengine yaliyoanza nalo safari huachwa yakafa. Bali tabibu wa kutungisha mimba nje ya mwili, kwa kuwa ahitaji mayai kadhaa kwa mara moja, humchoma homoni kila siku kwa muda wa siku 10 hivi, ili ovari zake zipevushe vijifuko vingi vya mayai kwa pamoja. Wengi hudhani kwamba balaa, ikitokea, ni ya sindano hizo nyingi, kumbe aghalabu mlango hufunguliwa na ile moja ya mwisho.

Sindano hiyo, ipigwayo saa 36 hivi kabla ya mayai kutolewa, kwa desturi ni homoni ya ujauzito, hCG, ambayo kwa miaka mingi ilipatikana katika mikojo ya waja wazito. Kuyaivisha mayai huyaivisha barabara, ila haina adabu ya mgeni ajuaye wakati wa kuaga: hukaa mwilini siku kadhaa ikizihimiza ovari zilizokwisha kufura, nazo humwaga katika damu kemikali ilegezayo kuta za mishipa midogo, hata maji ya damu yakavujia tumboni. Tumbo hujaa, pumzi hubana, na damu iliyobaki, kwa uzito wake, yaweza kuganda mishipani. Wako waliofariki kwa hayo, ingawa ni wachache. Walio karibu zaidi na hatari hii ni wanawake vijana, hasa wenye ovari za vijifuko vingi.

Hao siku hizi tabibu mwangalifu huwapa dozi ndogo, akalizuia yai lisitoke mapema kwa dawa ambayo baadaye humwezesha kuiacha hCG, akachoma badala yake kichocheo kinachoiamuru tezi ya pituitari itoe homoni yake yenyewe, ambayo hutoweka upesi. Lakini wepesi huo huuacha mji wa mimba bila tegemeo la kutosha, na tena mimba ikishika huzalisha hCG yake, maradhi yakarejea; kwa hiyo viinitete vyote, yaani mayai yaliyokwisha kutungishwa, hugandishwa hata mwezi mwingine. Kungoja huko ni kuzito kwa aliyeuza shamba alipie matibabu, wala simlaumu akinung'unika. Tabibu anayekubali kumharakisha ndiye wa kulaumiwa.

Aliyekwisha kutolewa mayai na ajipime uzito kila asubuhi. Ukipanda kilo moja kwa siku, au mkojo ukapungua, au akashindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, aende hospitali siku hiyo hiyo, tena aseme wazi kwamba yu katika matibabu ya uzazi, kwani tabibu wa zamu asiyeambiwa aweza kumdhania maradhi mengine ya tumbo.