Kulea Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo (3): Anayembeba Hayumo Kwenye Faili

Katika sehemu mbili zilizopita tulieleza mtindio wa ubongo ni nini na unavyotokea: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali ya siku za mwanzo yasiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, kuzaliwa kabla ya wakati. Tulisema pia kwamba jeraha la ubongo lenyewe haliongezeki, ila mwili unaokua nalo hubadilika mwaka hadi mwaka: misuli hukakamaa, viungo hukunjamana, nyonga huweza kuchomoka. Yote hayo huandikwa kwenye faili la mtoto. Leo namzungumzia mtu asiyeandikwa humo, yaani yule anayembeba mtoto huyo hadi kliniki na kumrudisha nyumbani.

Tuanze na chakula, maana hapo ndipo siku inapoishia. Mtoto wa miaka minne ambaye misuli ya mdomo na koo haimtii anaweza kuchukua karibu saa nzima kumaliza bakuli dogo la uji. Ulimi unasukuma chakula nje, meno yanang'ang'ania kijiko, shingo inajikaza kwa nyuma. Akina mama wengi, kwa kukosa wa kuwaelekeza, humlaza mtoto chali mapajani na kummiminia, kwa kuwa hivyo uji hushuka upesi. Hushuka kweli, lakini mwingine huingia kwenye njia ya hewa, na nimonia zinazowarudia watoto hawa mara nyingi huanzia hapo. Njia salama ni kumkalisha wima, kichwa kikiwa katikati na kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani. Kijiko kitokee mbele, usawa wa chini. Uji uwe mzito kidogo. Kila baada ya kijiko mama asubiri mpaka aone amemeza.

Kuyaeleza haya kliniki ni kazi ya dakika tano. Kuyatenda ni saa moja kila mlo, mkono mmoja ukishika kichwa cha mtoto na mwingine kijiko, mgongo hauna pa kuegemea, na sufuria ya wengine iko jikoni inaungua. Ongeza kumwogesha mtoto aliyekakamaa. Ongeza nepi na mashuka, dawa za kifafa zisizoruhusiwa kurukwa hata siku moja, na usiku, maana mtoto asiyeweza kujigeuza huamka kwa maumivu na lazima ageuzwe. Kuna akina mama ambao hawajalala usiku mzima tangu mtoto azaliwe, na mtoto sasa ana miaka kumi.

Halafu kuna uzito. Mwaka 1997 Robert Palisano na wenzake huko Kanada walitoa mpangilio wa ngazi 5 ambao wataalamu tunautumia hadi leo: ngazi ya kwanza ni mtoto anayetembea mwenyewe, ya tano ni yule asiyeweza hata kuishikilia shingo yake. Kwa mzazi wa mtoto wa ngazi ya tano, kila kilo mtoto anayoongeza, ambayo kwa mzazi mwingine ni habari njema, inaingia kwenye kiuno chake. Mtoto wa mwaka mmoja akibebwa kwa khanga hakuna anayegeuka kutazama. Akifika miaka tisa, miguu inaning'inia mpaka magotini mwa mama, abiria wanakodoa macho, na konda anauliza, "Mama, huyo naye wa kupakatwa? Mlipie siti." Kitimwendo kingesaidia, lakini hakipandi daladala saa za asubuhi, na njia ya kutoka nyumbani hadi kituoni ni mchanga na mitaro.

Uchovu wa namna hii umewahi kupimwa. Mwaka 2004 Elissa Epel na Elizabeth Blackburn wa California, pamoja na wenzao, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa akina mama 58, wengi wao wakilea watoto wenye maradhi ya kudumu. Waliangalia telomea, yaani sehemu za mwisho za kromosomu, ambazo hufupika kadiri mtu anavyozeeka. Kwa waliokuwa wakiuguza, miaka ya kuuguza ilipokuwa mingi ndivyo telomea zilivyokuwa fupi. Na akina mama waliojiona wameelemewa kupita wote, seli zao zilionekana kuzeeka kuwazidi wenye nafuu kwa miaka isiyopungua 10. Blackburn alishirikiana na wenzake wawili kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kazi ya telomea. Uchunguzi wa watu 58 hauwezi kubeba kila kitu, lakini ninapomwona mama wa miaka thelathini mwenye mwendo wa bibi, sishangai tena.

Kabla yao, mwaka 1962, mtaalamu wa ustawi wa jamii wa Marekani, Simon Olshansky, aliandika kuhusu wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili na hali aliyoiita huzuni ya kudumu. Wataalamu wa zama zake walikuwa wakimhimiza mzazi "aikubali hali", na wakimwona bado ana majonzi miaka mingi baadaye, wakasema amekataa ukweli. Olshansky alipinga. Alisema huzuni hiyo ni jambo la kawaida kwa mzazi anayeishi na ukweli huo kila siku, na huenda ikamsindikiza maisha yake yote. Nami nimeona inavyorudi: siku watoto wa rika lake wanapovaa sare za darasa la kwanza, siku mdogo wake anapoanza kutembea kabla yake, siku binti anapovunja ungo na mama anajua ni yeye tena atakayemsitiri. Mama huyo hana upungufu wa imani. Amechoka na ana huzuni, na vyote viwili vinaweza kugeuka sonona inayohitaji tiba.

Badala ya tiba hupewa maneno. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini majirani wanavijua vyote: amemkosea nani, alitaka kuitoa mimba, ukoo wa kwao una mkosi. Pesa ambayo ingenunua dawa ya kifafa inakwenda kwa mganga. Na mume? Nitalisema bila kuzunguka: wengi huondoka. Wengine huhama kabisa, wengine huhama kwa kuchelewa kurudi, na neno la mwisho ni kwamba kwao hakuna watoto wa namna hiyo, kana kwamba mtoto alizaliwa na mzazi mmoja. Wapo wanaobaki, na nyumba ambayo baba anashika zamu ya usiku huitambua kwa sura ya mama tu. Pasipo baba, mzigo humwangukia dada mkubwa, naye huacha shule polepole, siku moja moja, mpaka inakuwa kuacha kweli.

Sisi watoa huduma tuna sehemu yetu. Mama anapewa mazoezi ya kufanya nyumbani mara tatu kwa siku, akirudi bila kuyafanya anakaripiwa mbele ya wenzake kwenye benchi. Hakuna aliyemuuliza ana mikono mingapi nyumbani. Mazoezi mengi yanaweza kuingizwa ndani ya kazi anazozifanya tayari. Akimbeba ubavuni au mgongoni miguu ikiwa imetanuliwa, misuli ya mapaja inanyooka palepale. Akikunja nyonga na magoti ya mtoto kabla ya kumnyanyua, mkakamao hulegea na uzito unakuwa mwepesi kubeba. Akimvalisha kwa kuanza na mkono uliokaza zaidi, vita vya shati vinakwisha. Na mtoto akiwa na kiti chake, mama anapata mikono yake miwili. Kiti hicho si lazima kitoke ng'ambo. Bevill Packer wa Zimbabwe alieneza ufundi wa kutengeneza viti vya maboksi: tabaka za maboksi hugandishwa kwa gundi ya unga, hukandamizwa na kuachwa zikauke, kisha hukatwa kwa vipimo vya mtoto mwenyewe na kupakwa vanishi. Likitengenezwa vizuri, boksi hilo hubeba mtoto kwa miaka.

Hata hivyo, kiti hakimpi mama usingizi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, una kifungu cha 28 kinachozitaja familia maskini kwa uwazi: serikali izisaidie gharama zitokanazo na ulemavu, mafunzo, ushauri nasaha, fedha, na huduma ya kumpumzisha mlezi. Tunayo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kenya wana mpango wa Inua Jamii, unaozipa kaya za wenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 za huko kwa mwezi. Ni chini ya shilingi 70 kwa siku, kidogo mno, lakini angalau ni kukiri kwamba ile ni kazi. Kumpumzisha mlezi ndiko kulikosahaulika kuliko yote, ingawa hakuhitaji jengo. Kunahitaji mtu wa pili aliyefundishwa kulisha na kutambua kifafa: shangazi, jirani, mama mwenzake wa kliniki wanayeachiana watoto kwa zamu. Ndiyo maana natamani kila faili la mtoto liwe na mstari mmoja wa ziada, mtaalamu aujaze kila ziara: ukiugua wewe mama, nani mwingine anajua kumlisha?

Kwa wengi jibu bado ni hakuna. Na kwa wengi mahali pekee pa kupata hata saa chache za mchana pangekuwa shule, lakini mtoto asiyejizuia haja hurudishwa getini siku ya kwanza. Sehemu ya nne itaanzia kwenye geti hilo.