Shahada ya Uuguzi: Lipi Kweli, Lipi Uvumi?

Kaa nusu saa kwenye benchi la kahawa hapa Mchafukoge, Dar es Salaam. Akitajwa mgonjwa, itatajwa Muhimbili, na habari za manesi zitafuata. Hizi najua umeshazisikia.

“Shahada ya uuguzi imeletwa juzi tu.” Si kweli. Muhimbili ilianza kuifundisha mwishoni mwa miaka ya 1980, ikiwa bado Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1991 ikawa chuo kikuu kishiriki, na 2007 ikasimama yenyewe kwa jina la MUHAS.

“Nesi ni mtu aliyekosa udaktari.” Si kweli, na huu ndio uvumi unaoniudhi kuliko yote. Uuguzi una sheria yake ya mwaka 2010 na baraza lake linalotoa leseni. Mwenye shahada husoma miaka minne, kisha hufanya mwaka mzima wa mazoezi kazini. Daktari hupita, akaandika dawa, akaenda wodi nyingine. Saa nane usiku, anayegundua kwamba mzazi wa kitanda cha tatu anatoka damu kupita kiasi ni nesi. Hapo hapo ajue aanze na nini, na amwite nani.

“Wanaume wameingia uuguzi siku hizi.” Si kweli. Waulize wazee habari za madresa: enzi za mkoloni, waliosafisha vidonda na kufunga bandeji wengi wao walikuwa wanaume.

“Ukishika stashahada, umefika mwisho.” Si kweli. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Aga Khan, hapa hapa Dar, huwapokea wauguzi walio kazini, wakasomea shahada bila kuacha ajira.

“Uuguzi hujifunzwa kitandani pa mgonjwa.” Kweli! Manesi wakongwe walisema sawa, na chuo kikuu hakikuwapinga. Na wodi za kujifunzia zina historia yake: hospitali ya zamani ya mjini, iliyobeba jina la mfanyabiashara Sewa Haji aliyeitolea fedha, iliipisha Hospitali ya Princess Margaret mwaka 1956, ambayo ndiyo Muhimbili ya leo. Jina la Sewa Haji bado lipo kwenye jengo la wodi pale. Na wodini Muhimbili ndiko mwanafunzi wa shahada anakoshika kiganja cha mgonjwa na kuhesabu mapigo, mwalimu akiwa pembeni yake.