Rangi Umeziweka Wapi, Mwanangu?

Saa moja asubuhi, mtaani Yoba mjini Gitega, Burundi, fundi cherehani mmoja alikuwa ameshatoa mashine yake barazani. Nilipiga hodi, nikaomba ruhusa, nikampiga picha mbili akiwa kazini: moja ya rangi, nyingine ya nyeusi na nyeupe. Nilipomwonyesha ile ya pili kwenye kioo cha kamera aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Rangi umeziweka wapi, mwanangu? Kitenge hiki nakiuza kwa rangi yake."

Swali hilo naulizwa mara kwa mara, na linastahili jibu kamili. Kamera inaona rangi zote. Kwa nini mtu azitoe kwa hiari yake?

Tuanze na picha ya rangi. Kitenge kilikuwa cha njano na buluu kali. Nyuma ya fundi palikuwa na bidoni ya maji, ya njano pia, na chini kulikuwa na udongo mwekundu wa Gitega. Jicho lilikwenda kwenye kitenge, likarukia bidoni, likarudi kwenye kitenge. Mzee mwenyewe lilimfikia mwisho. Katika picha ya nyeusi na nyeupe, mwanga uliopenya chini ya ukingo wa bati uliangukia vidole vinavyosukuma kitambaa kuelekea sindano, na mishipa ya mkono ikajitokeza. Hapo jicho lilitua moja kwa moja kwenye mikono, likapanda mpaka usoni, likabaki huko.

Hiyo ndiyo faida yake barabarani na sokoni, ambako ndoo, miavuli, mabango na nguo vyote vinagombea macho yako. Rangi zikinyamaza, mwanga na umbo hupata nafasi ya kusema. Kwa hiyo mpiga picha wa mtaani huanza kwa kuujua mwanga wa mji wake.

Gitega iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na hupanda haraka. Ikifika saa sita mchana kivuli cha mtu kimejikunja miguuni pake, na aliyevaa kofia macho yake yamezama gizani. Saa nzuri ni kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni, wakati baiskeli ya taksi velo inayopanda mlima inaburuta kivuli kirefu kuliko yenyewe. Kiangazi, kati ya Juni na Septemba, vumbi nalo husaidia: vitu vya mbali hufifia kuwa kijivu, na mtu aliye mbele hutengana na umati bila wewe kumwomba asogee.

Sasa turudi kwenye udongo mwekundu, maana una historia yake katika picha. Mwaka 1911 Mjerumani Hans Meyer, yule aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, alipita katika nchi hii, na mwaka 1916 kitabu chake kuhusu Warundi kikachapishwa Leipzig. Sahani za kupigia picha zilizotumiwa sana wakati huo ziliiona vizuri buluu, lakini nyekundu karibu hazikuiona kabisa. Anga ya buluu ilitoka nyeupe tupu. Udongo wetu ulitoka mweusi. Ngozi ya kahawia, ambayo ina wekundu mwingi ndani yake, nayo ilitoka nyeusi kuliko ilivyo. Unapotazama picha za enzi hizo na kuona nyuso zisizo na macho wala tabasamu, kumbuka kwamba sehemu ya giza lile ilitoka kwenye kemia, na babu zetu hawakuwa hivyo. Filamu zinazoona rangi zote zilikuja kuenea baadaye.

Kamera ya leo inaiona nyekundu, ila nayo ina udhaifu wake. Kipimo chake cha mwanga hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu cha kati. Ikikutana na kanzu nyeupe, au anga angavu nyuma ya mtu, hupunguza mwanga, na uso unazama. Dawa yake ni kupima mwanga usoni. Kwenye simu, gusa uso kwenye kioo, ushikilie kidole mpaka kipimo kijifunge hapo, kisha piga. Anga ikipauka kidogo, si neno. Uso wa mtu ndio uliokutoa nyumbani.

Kazi ya pili hufanyika baada ya kupiga. Kama kamera inaruhusu, hifadhi faili ghafi, kwa sababu ndani yake rangi zote zimo. Programu za kuhariri zina kidhibiti cha kila rangi peke yake. Ukipandisha chungwa na nyekundu, ngozi hupata uhai na udongo hung'aa. Ukishusha buluu, anga hukolea na mawingu ya masika hutokeza. Tulipokuwa tunatumia filamu tulifanya hivyo kwa kuweka kichujio cha njano au chekundu mbele ya lenzi. Hili ndilo jibu nililompa mzee wangu wa Yoba: rangi sikuzitupa. Kila moja nimeipa ngazi yake ya kijivu, na mimi ndiye niliyeamua ipi ipande na ipi ishuke.

Kwa anayetaka kujaribu, kipimo hiki kinafaa kuanzia kwenye kivuli cha baraza: lenzi ya milimita 35, tundu f/8, kasi ya 1/250 ya sekunde, ISO 400, fokasi ikiwa imefungwa kwenye mita mbili na nusu. Kwa kamera ya fremu kamili, kila kilicho kati ya mita 1.7 na karibu mita 5 kitakuwa wazi. Hapo huhitaji tena kuhangaika na kamera, unatazama watu.

Waliotutangulia wana somo jingine. Mpiga picha Fan Ho, aliyezaliwa Shanghai mwaka 1931 na kuhamia Hong Kong, alizunguka vichochoro vya mji huo katika miaka ya 1950, mji ukiwa umejaa wakimbizi na ujenzi, akisubiri mtu mmoja aingie kwenye mwale wa jua. Picha yake maarufu ya mwaka 1954 inaonyesha mwanamke kando ya ukuta mweupe, kivuli cha mshazari kikimkaribia. Mwanamke yule alikuwa binamu yake, na kivuli kile alikiongeza mwenyewe katika chumba cha giza. Kama sanaa, ni halali kabisa. Kama ushahidi wa mtaa, sharti mtazamaji aambiwe.

Na iko picha inayotuhusu zaidi. Martin Munkácsi, Mhungaria, alipiga karibu mwaka 1930 picha ya wavulana watatu Waafrika wakikimbilia mawimbi. Mfaransa Henri Cartier-Bresson aliiona, na alisimulia mwenyewe kwamba ndiyo iliyomwasha akachukua kamera na kuingia barabarani. Machapisho mengine yanaiita picha ya Ziwa Tanganyika. Mengine yanaandika Liberia. Picha iliyogeuza maisha ya bingwa wa dunia, na majina ya wale watoto hayapo, hata ufuo wao unabishaniwa. Mistari miwili ya penseli nyuma ya karatasi ingetosha.

Hapa ndipo nina ombi. Gitega, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1912, imekuwa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu 2019, Bujumbura ikibaki mji wa biashara. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa hapa Gitega mwaka 1955, yanatunza kumbukumbu za ufalme. Baraza la cherehani, mama wa ndagala na foleni ya bidoni bombani vitatunzwa na nani? Zanzibar walibahatika: Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, akapiga watu na mitaa ya Mji Mkongwe kwa miongo mingi, na leo wajukuu wanaziendea picha zile kutafuta sura za bibi zao. Yoba, na mitaa ya Waswahili ya Muyinga kule kwenye njia ya mpaka wa Kobero, wanastahili hazina kama hiyo, na simu zilizomo mifukoni mwa vijana wao zinaweza kuanza leo.

Mwanzo wenyewe ni adabu. Piga hodi kabla ya kupiga picha. Aliyekataa, mshukuru uende zako. Mtoto, mwombe mzazi wake. Askari, polisi na bariyeri, acha kabisa. Ukimaliza, andika mtaa, tarehe, kazi ya mtu huyo, na jina lake kama ameridhia.

Na rangi ikiwa ndiyo habari yenyewe, iache. Mzee yule alikuwa na haki: kitenge kinauzwa kwa rangi. Juma lililofuata nilimpelekea picha zote mbili zikiwa zimechapishwa. Ya rangi aliibandika ukutani, juu ya vitambaa, wateja waione. Ile nyingine aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza mgongo, akaona ni patupu.

"Andika hapa," akaniambia. "Andika Yoba, na mwaka. Hii ni ya wajukuu."