Saa Zilizokula Mboga za Lubero

Tazama malori yanayotoka Butembo, Kivu Kaskazini, kisha yanayoingia. Yanayotoka hubeba kakao ya Beni, kahawa, mbao na utomvu wa mpapai uliokaushwa, mizigo ambayo hata ikikwama njiani wiki nzima bado ina bei. Yanayoingia kupitia mpaka wa Kasindi huleta, pamoja na simenti na nguo, magunia ya samaki wa chumvi na dagaa wakavu kutoka Uganda. Kabichi, karoti, liki na tilapia mbichi, vyakula ambavyo udongo na maji ya eneo hili huvitoa kwa wingi, vimerudi kuwa biashara ya karibu na nyumbani, kwa umbali ambao shukudu za mbao na pikipiki zinaweza kuumaliza kabla jua halijaviharibu. Mporomoko huu huelezwa kwa maneno mepesi: hakuna vyumba vya baridi. Ni kweli havipo vya kutosha. Lakini hata biashara ilipokuwa hai havikuwapo. Kilichoondoka ni muda.

Janet MacGaffey, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Kisangani na kuchapisha kitabu chake mwaka 1987, aliwakuta wafanyabiashara Wanande wakifikisha katika mji ule maharage na mboga za Kivu kwa malori. Kutoka nyanda za juu za Lubero hadi Kisangani ni mamia ya kilomita, sehemu kubwa ikiwa ni msitu wa Ituri. Hawakuwa na malori ya baridi. Walikuwa na milima. Butembo yenyewe iko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya Masereka na Kipese yako juu zaidi. Mboga iliyokatwa alfajiri kule huanza safari ikiwa tayari imepoa.

Mboga huendelea kupumua baada ya kuvunwa, na kila joto linapoongezeka nyuzi 10 hivi, kasi ya kuchakaa kwake huzidi mara mbili au tatu. Kwa hiyo anayeshuka kutoka milimani kwenda bonde la joto anashindana na saa, na kila saa anayopoteza bondeni humgharimu zaidi kuliko ile aliyoipoteza juu. Mnyororo wa baridi wa kimataifa, wenye makontena yanayosafirisha nyama iliyogandishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, umejengwa ili kuinunua saa hiyo kwa umeme na mafuta. Mfanyabiashara wa Lubero hakuwa na uwezo wa kuinunua, akaitafuta kwa mwendo wa gari na ubaridi wa milima. Mwendo ulipokufa, alibaki mikono mitupu.

Uliuawa hatua kwa hatua. Kwanza barabara za Zaire zilioza. Kisha zikaja vita, na pamoja na vita bariyeri, vizuizi vya barabarani. Katika ripoti ya mwaka 2017, taasisi ya utafiti ya Ubelgiji, IPIS, ilihesabu vizuizi 798 katika Kivu zote mbili. Mjadala wa vizuizi huishia kwenye fedha zinazotolewa pale, na kwa mwenye mzigo wa mbao hilo linatosha. Mwenye nyanya hulipa mara mbili: analipa noti, halafu analipa muda wa kubishania ile noti huku turubai likichemka.

Kisha mauaji ya halaiki yaliyoanza Beni Oktoba 2014 yakageuza njia zenyewe kuwa mtego. Baada ya mashambulizi ya mwaka 2021, magari kati ya Beni na Kasindi, na kwenye barabara ya Luna kwenda Komanda, yalianza kusafiri kwa misafara chini ya ulinzi wa jeshi. Hakuna mwenye akili atakayelaumu ulinzi huo. Hatari ilikuwa ya kweli: Septemba 1, 2021 msafara ulishambuliwa karibu na Ofaye, Ituri, ingawa ulisindikizwa. Lakini msafara una kanuni yake. Gari la kwanza kufika husubiri la mwisho, na wote huondoka kwa saa ya askari, siyo kwa saa ya kabichi. Mama aliyekusanya mzigo kwa wakulima kumi anauona ukinyauka akiwa amesimama kando yake, na hana wa kumdai. Mwaka ufuatao atanunua maharage makavu badala ya mboga. Uamuzi wake ni wa busara kabisa, na ndivyo biashara ya vyakula vibichi inavyokufa: kwa maamuzi ya busara ya watu waliochoka kupata hasara.

Njia ya kusini nayo ikakatika. Waasi wa M23 waliteka Kiwanja na Rutshuru Oktoba 2022, Kanyabayonga Juni 2024, na Goma mwishoni mwa Januari 2025. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Kwa vyakula vya milima ya Kivu, uwanja ule ulikuwa mlango wa Kinshasa.

Ziwa Edouard ni habari nyingine, na kwangu ndiyo yenye uchungu zaidi. Zaidi ya theluthi mbili za ziwa hilo ziko Kongo, na kwa miongo mingi vijiji vya wavuvi vya Vitshumbi na Kyavinyonge viliilisha miji ya Kivu. Samaki wa maji ya joto akiwekwa kwenye barafu mara tu anapotolewa majini anaweza kukaa wiki mbili na kuendelea kulika. Bila barafu, kwenye joto la mwambao ule, siku moja ni nyingi. Mtambo wa barafu hauendeshwi kwa hisani. Unahitaji samaki wa kutosha kila siku, na samaki wamepungua: uvuvi haramu umezidi, nyavu zina matundu madogo, wenye silaha wanatoza wavuvi. Hata viboko, ambao kinyesi chao hurutubisha maji, walishuka kutoka zaidi ya 25,000 miaka ya 1970 hadi chini ya 1,000 kufikia mwaka 2005. Hata mtambo ukijengwa, hauwezi kujilipia kwa ndoo chache.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikwenda kinyume. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu za usalama wa chakula, Uganda ilijenga upya ukaguzi wake, maabara na mialo, na soko likafunguliwa tena. Minofu ya sangara sasa hupanda ndege Entebbe ikiwa kwenye baridi. Sehemu ya samaki wasioingia katika soko hilo, waliotiwa chumvi na kuanikwa, huvuka mpaka wa Mpondwe kuja kwetu. Sina dharau na makayabo, samaki hao wa chumvi. Yamelisha watoto wengi wa Beni. Ninachokataa ni watu wenye ziwa lao kufanywa wateja wa kudumu wa chumvi.

Na asiniambie mtu kwamba baridi haiwezekani hapa. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ugonjwa uliua watu 2,287, wengi wao katika eneo hili. Chanjo iliyotumika ilipaswa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Ilifika Beni, ikafika Butembo, mji ambao haujaunganishwa na gridi ya taifa na uliozoea sauti ya jenereta. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, wakati vijiji vikishambuliwa. Kulikuwa na fedha, mafuta ya jenereta, wafanyakazi waliofunzwa, na ratiba ambayo kila mmoja aliwajibika nayo. Dharura ilipokwisha, sehemu kubwa ya uwezo ule uliondoka na waliouleta.

Sasa kuna ujenzi wa lami wa barabara ya Kasindi hadi Beni, takriban kilomita 80, na Beni hadi Butembo, kilomita 54, chini ya makubaliano ya Kongo na Uganda. Nimesikia ikipokelewa kama jibu. Lami itapunguza saa, na hilo ni jambo kubwa. Lakini lori la baridi litakalopita juu yake litatoka upande wenye umeme wa uhakika, viwanda vya barafu na vyeti vya ukaguzi vinavyotambulika, yaani Uganda, likija na kuku na samaki waliogandishwa. Ili lirudi limejaa, lazima likute mahali pa kukusanyia mboga Masereka au Kipese, palipo na kivuli, maji safi na umeme, na mkaguzi wa Kongo ambaye sahihi yake itakubaliwa Mpondwe. Gharama ya vitu hivyo ni ndogo kuliko ya kilomita chache za lami.