Saini Isiyosomeka

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha zilizogatuliwa, yaani huduma za kukopa, kukopesha na kubadilisha sarafu zinazoendeshwa na programu bila benki wala dalali, zimejengwa juu ya daftari lisilofutika. Mtandao wa Ethereum, ambako nyingi kati ya huduma hizi zilizaliwa, ulianza kazi Julai 2015. Nakala za daftari lake zimetapakaa katika maelfu ya kompyuta duniani, kila muamala unaonekana kwa yeyote anayetaka kuutazama, na hakuna karani anayeweza kuubadilisha kwa siri. Hata hivyo mali hupotea humo mchana kweupe, huku daftari likiandika kila hatua ya wizi kwa usahihi kamili. Mikataba janja, ambayo ni programu zinazoendesha huduma hizi, wakati mwingine huwa na kasoro, na wezi wamepitia humo. Lakini sehemu kubwa ya hasara inatokana na jambo lisilohusiana na kasoro za mikataba wala udhaifu wa kriptografia: mwenye mali hutakiwa kutia saini kitu asichoweza kukisoma. Kwa hiyo, mbunifu anayetaka programu hizi zimfae mtumiaji asianze kwa kupunguza idadi ya vitufe. Aanze na sharti moja, kwamba kabla ya kuidhinisha, mtu ajue waziwazi nini kitatoka katika pochi yake na kitakwenda kwa nani.

Tuangalie kinachotokea mtu anapotia saini. Pochi ya kidijitali haihifadhi sarafu. Huhifadhi ufunguo wa siri, yaani namba ndefu mno inayothibitisha kwamba agizo limetoka kwa mwenye mali. Agizo lenyewe linapofika kwenye mtandao huwa ni mfululizo wa tarakimu na herufi ambao kompyuta inauelewa na binadamu hauelewi. Mtu anayetaka kubadilisha tokeni zake, yaani mali za kidijitali zilizoandikwa katika daftari hilo, kwa kawaida huidhinisha mambo mawili: kwanza anauruhusu mkataba janja kuchukua tokeni kutoka kwenye pochi yake, kisha anaagiza mabadilishano yafanyike. Kila idhini hulipiwa ada ya mtandao. Ili kumwepusha mteja na ada na usumbufu wa kutoa ruhusa kila mara, wabunifu wengi walizoea kuomba ruhusa ya kiasi kisicho na kikomo: namba kubwa kuliko zote ambazo mfumo unaweza kuziandika, 2 kwa kipeo cha 256 ukitoa 1. Ni sawa na kumwachia muuza mkaa ufunguo wa sanduku la fedha ili achukue bei ya debe moja. Kitufe kimoja kilipunguzwa, na hatari isiyo na ukomo ikaingia mahali pake. Ruhusa hiyo haina tarehe ya mwisho. Inabaki hai hadi mwenyewe aifute, na wengi hawajui kwamba ipo.

Desemba 2021 watumiaji wa BadgerDAO, mradi wa fedha zilizogatuliwa, waliona gharama ya mazoea hayo. Mikataba janja ya mradi huo haikuvunjwa. Wezi walipata njia ya kupenyeza msimbo wao katika tovuti ambayo wateja waliitumia kila siku, na msimbo huo ukawa unawaletea baadhi ya wateja ombi la ziada la ruhusa. Ombi lilifanana na maombi mengine yote waliyokwisha kuyakubali mara nyingi. Wezi walikusanya ruhusa kimya kimya, kisha wakakomba mali yenye thamani ya dola milioni 120 hivi kwa siku moja. Mbele ya mtandao kila muamala ulikuwa halali, kwa kuwa kila mmoja ulisimama juu ya saini ya kweli ya mwenye mali. Kriptografia ilijibu sawasawa swali la nani ametia saini. Swali la kama mtu huyo alielewa alichokitia saini halikuwa na mahali pa kuulizwa.

Wapo wanaosema tatizo hili ni la ujuzi: watu wafundishwe, wasome kabla ya kubonyeza, na atakayeshindwa abebe mzigo wake, kwa sababu uhuru wa kujimilikia fedha huja na wajibu. Hoja hii ina heshima yake, lakini ushahidi unaikataa. Tarehe 21 Februari 2025, soko la sarafu za kidijitali la Bybit, lenye makao yake Dubai, lilipoteza Ether, sarafu ya mtandao wa Ethereum, zipatazo 401,000, thamani ya karibu dola bilioni 1.5. Bybit yenyewe ni kampuni ya kawaida yenye mamlaka moja, lakini akiba hiyo ilikuwa katika pochi ya mkataba janja inayohitaji saini za watu kadhaa, kifaa cha aina ileile inayotumika katika fedha zilizogatuliwa. Waliotia saini walikuwa watu wa kazi hiyo, akiwemo mkuu wa kampuni. Wadukuzi, ambao shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilisema ni wa Korea Kaskazini, walikuwa wamebadilisha msimbo wa ukurasa uliotumika kuandaa miamala. Skrini ya kompyuta ilionyesha uhamisho wa kawaida, wakati agizo halisi lilikuwa linabadilisha uongozi wa pochi nzima. Vifaa vidogo vya kutilia saini, vilivyotengenezwa mahsusi kuwa ngome ya mwisho, havikuwapa maelezo ambayo mtu angeweza kuyatafsiri papo hapo. Ikiwa wataalamu wenye dhamana ya mabilioni hawakuweza kusoma walichokiidhinisha, kumlaumu muuza duka anayetumia simu ya bei nafuu ni kumwonea.

Sayansi ya matumizi ya kompyuta ililijua jambo hili kabla ya Ethereum kuwepo. Mwaka 1999 watafiti Alma Whitten na J. D. Tygar walichapisha jaribio kuhusu PGP 5.0, programu ya kusimba barua pepe iliyosifiwa wakati huo kwa mwonekano wake mzuri. Waliwapa watu 12 waliozoea barua pepe dakika 90 za kutuma ujumbe wa siri. Theluthi moja tu ndio waliofaulu kusimba na kutia saini ipasavyo, na watatu walituma siri hiyo wazi bila kukusudia. Watafiti hao hawakusema watu ni wazembe. Walionyesha kwamba programu ilimtaka mtu aelewe funguo, saini na uthibitisho bila kumpa picha ya kumsaidia kuvielewa, na kwamba katika usalama kosa moja haliwezi kurudishwa nyuma. Maneno hayo yanazifaa programu za fedha zilizogatuliwa kwa uzito zaidi, maana siri iliyovuja huenda isimfikie adui, lakini tokeni zilizohamishwa zimekwisha kuhama.

Programu za fedha katika Afrika Mashariki zimewahi kukabili swali la namna hii na kulijibu. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, kisha Tanzania mwaka 2008, hatari iliyokuwa karibu zaidi na mtumiaji wa kawaida ilikuwa kukosea tarakimu moja ya namba ya simu na fedha kumwendea mgeni. Dawa haikuwa semina za kuwafunza watu kuhakiki namba. Kampuni ya simu ya Safaricom iliweka huduma ya Hakikisha, ambayo humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa sekunde chache za kusitisha. Namba, ambayo akili haiishiki vizuri, iligeuzwa kuwa jina, ambalo mtu hulitambua mara moja. Katika Ethereum anwani ya akaunti ina herufi na tarakimu 40 baada ya alama mbili za mwanzo, na pochi nyingi huifupisha kwa kuonyesha mwanzo na mwisho wake tu. Wezi wakatumia ufupisho huo: hutengeneza anwani inayolingana na ile halali kwenye ncha zote mbili, hutuma muamala mdogo ili anwani hiyo ionekane katika kumbukumbu za mlengwa, kisha husubiri ainakili. Mei 2024 mtu mmoja alituma kwa njia hiyo sarafu 1,155 za WBTC, tokeni inayofuata bei ya Bitcoin, zenye thamani ya dola zaidi ya milioni 60. Sehemu kubwa ilirudishwa baada ya mazungumzo, lakini bahati ya mtu mmoja haiwezi kuwa kinga ya mamilioni. Ufupisho uliowekwa ili skrini ipendeze ndio uliompa mwizi nafasi.

Basi kipi kijengwe? Kwanza, kila ombi la saini lielezwe kwa sentensi: utatoa kiasi hiki, utapokea kiasi hiki, mkataba huu utaruhusiwa kuchukua kisichozidi hiki hadi tarehe hii. Teknolojia ipo. Pochi kadhaa sasa hufanya muamala wa majaribio kabla ya ule wa kweli na kuonyesha salio litakavyobadilika. Kiwango cha EIP-712 kinawezesha ujumbe wa kutiwa saini uwe na sehemu zenye majina badala ya rundo la herufi, na pendekezo la ERC-7730 linaelekeza jinsi mikataba inavyoweza kujieleza kwenye vifaa vidogo vya saini. Pili, ruhusa za kawaida ziwe za kiasi na muda maalumu, na programu imwonyeshe mtu ruhusa zake zote hai mahali anapoona salio lake. Tatu, maelezo yasitegemee ukurasa uleule unaoomba saini. Somo la Bybit ni kwamba ukurasa unaweza kudanganya, kwa hiyo tafsiri ya agizo lazima ifanywe na chombo cha pili kisichoupokea ukweli kutoka kwenye ukurasa huo. Muamala wa majaribio nao una mipaka, kwani hali ya mtandao inaweza kubadilika kati ya jaribio na utekelezaji. Ndiyo maana mtu awekewe kiwango cha chini cha kupokea, na muamala ukwame wenyewe kisipofikiwa.

Mfanyabiashara atajibu kwamba haya yote yanaongeza vizingiti, na kila kizingiti kinafukuza wateja. Ni kweli kwamba onyo linalojitokeza kila mara hugeuka kelele: watafiti waliopima ubongo wa watu wanaotazama maonyo ya kompyuta wameona umakini ukishuka sana tangu mara ya pili tu onyo lilelile linapojirudia. Lakini hoja hiyo inatetea uchaguzi, haitetei ukimya. Mwaka 2008 mtafiti Serge Egelman na wenzake walilinganisha maonyo ya vivinjari dhidi ya tovuti za ulaghai. Maonyo yaliyosimamisha kazi na kudai uamuzi yalitiiwa na asilimia 79 ya washiriki walioonyeshwa. Yale ya pembeni yalitiiwa na asilimia 13. Kwa hiyo muamala mdogo kwa mpokeaji anayejulikana upite haraka bila maswali, na muamala unaotoa ruhusa pana au kupeleka akiba nzima kwa anwani mpya usimamishwe na kuelezwa. Kizingiti kiwekwe penye hatari, kiondolewe pasipo na hatari. Programu nyingi leo zinafanya kinyume: zinamchosha mtu kwa vibali visivyo na maana, kisha zinampitisha kimya kimya kwenye kibali cha hatari.

Hoja nzito zaidi ni kwamba urahisi utamrudisha dalali. Mtu akiondolewa mzigo wa kutunza maneno 12 au 24 ya siri yanayorejesha ufunguo wa pochi, yanayochaguliwa kutoka katika orodha ya maneno 2,048 iliyowekwa na kiwango cha BIP-39 mwaka 2013, nani atautunza badala yake? Jibu la zamani lilikuwa kampuni. Jibu jipya ni kuifanya akaunti yenyewe kuwa programu. Kiwango cha ERC-4337 kilianza kutumika Machi 2023, na maboresho ya Ethereum yaitwayo Pectra ya tarehe 7 Mei 2025 yaliziwezesha akaunti za kawaida pia kutumia msimbo. Akaunti ya namna hii inaweza kufunguliwa kwa alama ya kidole, kuwekewa kikomo cha matumizi, kurejeshwa kwa idhini ya ndugu kadhaa ambao hakuna mmoja wao anayeweza kuichukua peke yake, na kulipiwa ada kwa sarafu ambayo mtu tayari anayo. Pochi ya MiniPay, iliyozinduliwa na kampuni ya Opera nchini Nigeria mwaka 2023 na kufika Kenya baadaye, inaonyesha urahisi unaofanana na huo: inatumia mtandao wa Celo, inaruhusu kutuma kwa namba ya simu, na ada hulipwa kwa sarafu thabiti, yaani ile inayofuata thamani ya fedha kama dola, ileile inayotumwa. Gharama yake isifichwe. Kurejesha ufunguo kupitia akaunti ya kampuni kubwa ni kuitegemea kampuni hiyo, na muda mfupi baada ya Pectra wezi walianza kutumia uwezo mpya kukomba pochi ambazo funguo zake zilikuwa zimevuja. Lakini utegemezi unaoelezwa na unaoweza kuondolewa ni bora kuliko uhuru wa jina tu, ambao mtu anaupoteza siku karatasi ya maneno yake inapolowa.

Jambo hili linatugusa moja kwa moja. Kutuma dola 200 kwenda nchi za Afrika kusini mwa Sahara kumekuwa kukigharimu wastani wa karibu asilimia 8, ilhali malengo ya dunia yanataka gharama ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Sarafu thabiti na mikataba janja vinaweza kupunguza pengo hilo, na wanaotumia njia hizo ni watu ambao hasara moja inafuta karo ya muhula mzima. Kwao, ubora wa programu hauwezi kupimwa kwa idadi ya sekunde kati ya kufungua na kubonyeza. Upimwe kwa jaribio rahisi ambalo kila kampuni inaweza kulifanya kabla ya kuzindua bidhaa: mpe mtu wa kawaida skrini ya saini, kwa lugha anayoizungumza, umuulize atapoteza nini akikubali. Akishindwa kujibu, programu hiyo haijakamilika, hata kama mikataba yake imekaguliwa na mabingwa. Teknolojia iliyoahidi kumwondoa dalali ili mtu amiliki mali yake mwenyewe ina deni la kumwezesha mtu huyo kuelewa anachokiidhinisha, na deni hilo ni la wajenzi wake, si la wateja.