Damu Isiyopimwa, Mimba Isiyojulikana Umri

Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoua wanawake wengi zaidi miongoni mwa matatizo ya uzazi duniani, na makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 yalifikisha vifo hivyo kiasi cha 70,000 kwa mwaka, vingi vikitokea katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara na za Asia ya Kusini. Kinachoshangaza ni kwamba tiba yake si ngeni. Oksitosini, homoni inayoufanya mji wa mimba ukaze, ni dawa ya siku nyingi na isiyo ya gharama kubwa, na asidi ya traneksamiki, ambayo huzuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema, ilithibitishwa mwaka 2017 katika utafiti ulioitwa WOMAN, uliowahusisha wanawake zaidi ya 20,000 katika nchi 21, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, na ulioonyesha kuwa inapunguza vifo vitokanavyo na damu iwapo itatolewa ndani ya saa tatu tangu mama ajifungue. Saa hizo tatu ndipo penye shida, kwa sababu dawa haiwezi kuwahi ikiwa hakuna aliyejua kwamba mama anamwagika damu.

Mimba inapokaribia kutimiza miezi tisa, mishipa ya mji wa mimba hupitisha kiasi cha nusu lita ya damu kila dakika, na kondo la nyuma likishatoka, misuli ya mji huo ndiyo inayoibana mishipa iliyobaki wazi, hivyo misuli ikilegea, mama aliyekuwa akizungumza vizuri anaweza kupoteza fahamu katika muda mfupi sana. Wakunga hufundishwa kwamba damu ikifika mililita 500 hatua zichukuliwe, lakini katika wodi nyingi za wazazi hakuna kinachoipima: nyingine hunywewa na khanga alizokuja nazo mama, nyingine huchanganyika na maji ya uzazi kwenye beseni, nyingine hudondokea sakafuni, na mkunga, ambaye pengine katika kitanda cha pili ana mama mwingine anayesukuma, hubaki kukadiria kwa jicho. Jicho hilo, hata likiwa la mzoefu wa miaka ishirini, hukosea kwa kupunguza, na hukosea zaidi pale damu inapokuwa nyingi.

Utafiti wa E-MOTIVE, ulioongozwa na Profesa Arri Coomarasamy wa Chuo Kikuu cha Birmingham na kuchapishwa mwaka 2023, uliingia katika pengo hilo kwa kutumia karatasi ya plastiki angavu inayotandikwa chini ya makalio ya mama mara tu mtoto anapozaliwa, ikiwa na mfuko unaoning'inia ukingoni mwa kitanda na mistari inayoonyesha kiwango cha damu. Mstari ukifikiwa, au dalili nyingine za hatari zikijitokeza kabla yake, mkunga hangojei kuona kama dawa ya kwanza itafanya kazi ndipo aongeze ya pili, kama ilivyokuwa desturi, bali hutekeleza mambo yote kwa mfululizo: kuukanda mji wa mimba, kutoa dawa ya kuukaza, kutoa asidi ya traneksamiki, kuweka dripu, kuchunguza kama kuna msamba uliochanika au kipande cha kondo kilichobaki, na kumwita daktari hali isipotulia.

Hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania zilishiriki, na kura ya kuamua nani atumie utaratibu mpya ilipigwa kwa hospitali nzima nzima, si kwa mgonjwa mmoja mmoja, kwa kuwa haiwezekani wakunga wa wodi moja wafanye kazi kwa taratibu mbili. Hospitali za ulinganisho nazo zilipewa plastiki, ila isiyo na mistari, ili damu ipimwe baadaye kwa hesabu za watafiti bila mkunga kuonyeshwa kiwango. Miongoni mwa wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida, tatizo liligunduliwa kwa asilimia 93 ya waliolipata katika hospitali zenye utaratibu mpya na kwa asilimia 51 tu katika zile nyingine, na madhara makubwa, yaani kupoteza lita moja ya damu au zaidi, kupasuliwa tumbo au kufa kwa sababu ya damu, yalikuwa asilimia 1.6 dhidi ya 4.3. Itakuwa haki kuongeza kwamba vifo vyenyewe vilikuwa vichache mno kwa utafiti huu kuthibitisha kuwa vilipungua, na kwamba sifa zote zisipewe plastiki, kwani hospitali hizo zilipata pia mafunzo, dawa zilizopangwa pamoja na marejesho ya takwimu zao wenyewe.

Pengo la namna hiyo lipo pia kwa watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, ila kwao kipimo kinachokosekana ni umri wa mimba. Tangu Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walipochapisha utafiti wao mwaka 1972, inajulikana kwamba sindano za steroidi akipewa mama mwenye uchungu wa mapema hukomaza mapafu ya mtoto. Hata hivyo jaribio la ACT la mwaka 2015, lililofanyika katika nchi sita ikiwemo Kenya na kupeleka deksamethasoni, steroidi ya aina hiyo, hadi ngazi ya vijiji, lilileta matokeo yaliyowashtua wengi: vifo vya watoto wachanga kwa ujumla viliongezeka, kutoka 24 hadi 27 hivi kwa kila 1,000. Pale tarehe ya hedhi ya mwisho ilipokuwa haijulikani, umri wa mimba ulikisiwa kwa utepe wa rangi uliopima kimo cha tumbo, na wengi waliodungwa hawakuwa karibu kuzaa njiti.

Jaribio la ACTION-I, lililofuata mwaka 2020 katika hospitali za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, lilitumia dawa hiyohiyo lakini likahakiki umri wa mimba kwa altrasaundi, na vifo vya watoto njiti vikashuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu 2016 kwamba kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, jambo lisilo rahisi mahali ambapo mashine iko hospitali ya wilaya na mama huanza kliniki mimba ikiwa na miezi sita, na kuchelewa huko ni tatizo kwa sababu kosa la makadirio, ambalo katika miezi mitatu ya mwanzo halizidi wiki moja, kufikia miezi ya mwisho huwa limekuwa wiki tatu.